Bibi Titi na kadi za mwanzo

Kila siku za kupiga kura zinapokaribia huku kwetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vilivyo mdomoni mwa mto Ruvuma, huonekana watu ambao majina yao hayaandikwi popote. Huvuka kwenda Msangamkuu asubuhi na mapema, hutembea ufukweni wakati wa maji kupwa, hupiga hodi mlango baada ya mlango, na kuwaomba jirani zao waje kumsikiliza mgombea fulani jioni chini ya mwembe. Wengi wao ni wanawake, na kila uchaguzi wamo miongoni mwao wanaoifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Ujira wao, ukiwapo, ni kanga na sinia la wali. Kura zikishahesabiwa, mgombea huenda zake mjini, nao hurudi kwenye kamba zao za mwani, majamvi yao na mashamba yao ya korosho.

Kazi hiyo ina historia, na historia hiyo ina mwenyewe. Tumeona yafaa leo tuwakumbushe wasomaji wetu wa visiwani, na zaidi waheshimiwa watumishi wa serikali, maisha ya mwanamke aliyeianza katika nchi hii hali hajui kwamba anaanza jambo: Bibi Titi Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926, katika nyumba ya Kiislamu iliyofuata mila za pwani. Alisoma mpaka darasa la nne tu, naye akaozwa angali mdogo, kama walivyoozwa wenzake. Hadi alipotimiza miaka 28 hakuna aliyemjua kwa siasa. Alijulikana kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji mkuu katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, na alisoma maulidi vilevile. Mtu aliyekuwa na arusi Kariakoo alijua amtafute nani.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Schneider Abdillah Plantan, mmoja wa wazee wa siasa wa mjini, ndiye aliyeifikisha habari ya chama hicho nyumbani kwa Bibi Titi, naye pamoja na mumewe, Boi Selemani, wakanunua kadi mapema kabisa. Lakini kununua kadi si kufanya kazi ya chama. Kwa mwaka mzima hivi wanaume ndio waliokaa barazani mwa ofisi ya chama, na wanawake wakabaki kuwa wake wa wanachama.

Jambo lililobadili hali hiyo lilikuwa dogo, tena la kuchekesha kidogo. Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Akapokewa kwa heshima, akazungumza na viongozi, kisha akataka kujua wanawake wa chama wako wapi. Viongozi walitazamana. Haraka wakatafutwa wanawake wa kuonyeshwa, na miongoni mwa walioitwa ni Bibi Titi na Bibi Tatu binti Mzee. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sehemu ya wanawake ya TANU, ambayo Bibi Titi alifanywa kiongozi wake. Yaani aliitwa kuziba pengo mbele ya mgeni. Viongozi wengine wangeridhika kama angekaa kwenye kiti alichopewa na kunyamaza.

Hakunyamaza, lakini pia hakujua la kufanya. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya kadamnasi akatoa hotuba; alichozoea ni kuimba. Hapa ndipo akili yake ilipoonekana. Hakwenda kutafuta wasomi wamfundishe siasa. Aliwaendea wakuu wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa mji ule, mmoja baada ya mwingine, watu aliowajua kwa majina na kwa nyimbo zao, akawaomba wawalete wafuasi wao. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, mtunza fedha wake, sare yake, na desturi ya kuchangiana katika arusi na msiba. Serikali ya kikoloni iliviona vikundi hivyo kuwa ni michezo ya wanawake, ikavipa vibali vya kucheza. Bibi Titi aliviona kuwa ni chama kilichokwisha tengenezwa, kilichokosa kadi tu.

Julai 1955 ukafanyika mkutano wa wanawake, na mamia yao wakajiunga. Katika muda wa miezi mitatu hivi idadi yao ikahesabiwa kuwa wapata 5,000. Wako waliozificha kadi zao chini ya nguo sandukuni wasionwe na waume zao. Wengine waliwanunulia waume zao kadi na kuzihifadhi wao wenyewe, na sababu yake watumishi wa serikali wa leo wataielewa upesi: tangu 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake wa Kiafrika kujiunga na vyama vya siasa. Karani wa boma alikuwa na mshahara wa kupoteza. Mke wake, muuza vitumbua, hakuwa na barua ya kuajiriwa ambayo bwana mkubwa angeweza kuichana.

Huku Jimbo la Kusini, kama lilivyoitwa wakati ule, mambo yalikuwa mazito zaidi. Wazee waliokuwa hai katika miaka ya 1950 walikuwa wameziona kwa macho yao Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata baada yake. Mtu aliyefika kijijini akasema tuungane tuiondoe serikali, alisikilizwa kwa hofu, si kwa upumbavu wa wasikilizaji, bali kwa kumbukumbu zao. Ilibidi waelezwe, tena na tena, kwamba safari hii hakuna mkuki wala maji ya dawa, silaha ni kadi na maneno. Maelezo ya namna hiyo hayakubaliki kutoka kinywani mwa mgeni aliyeshuka melini. Hukubalika yakisemwa na kungwi aliyemcheza binti yako, au na jirani mnayechota naye maji kisima kimoja. Kwa sababu hiyo, njia ya Bibi Titi ya kupitia ngoma ilifaa pwani yote, na ingali inaeleweka na kila aliyekulia katika nchi ya unyago.

Tutaje pia, kwa kupita, kisa kimoja cha Msimbati ambacho wazee bado hukisimulia kwa kicheko. Mwaka 1959 Mwingereza mmoja aliyestaafu na kujenga nyumba huko alitangaza kwamba Msimbati ni nchi inayojitegemea, akatweka bendera yake mwenyewe. Alikuwa na bendera na hakuwa na watu. Katika miaka ileile Bibi Titi alikuwa akizunguka majimboni pamoja na Mwalimu Nyerere, akiimba kwanza na kuhutubia baadaye, na alikuwa na watu kabla nchi haijawa na bendera.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba wanawake wale, baada ya kuuza kadi zote hizo, wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 aliyetaka kura ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au awe na cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Muuza vitumbua hakuwa na kimojawapo cha vigezo hivyo. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaombea wengine kura asiyokuwa nayo yeye mwenyewe. Sisi tunaona hiyo ndiyo maana halisi ya kujitolea, na tunapowaona leo wagombea wakigombana na vijana wao juu ya posho ya siku moja, tunashindwa kujua tumlaumu nani kati yao.

Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Bibi Titi akaingia Bungeni kuwa mwakilishi wa Rufiji. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 akawa waziri mdogo, na jumuiya ya wanawake, UWT, ilipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwanamke wa darasa la nne alikaa meza moja na waliosoma Makerere na Edinburgh.

Kisha gurudumu likageuka. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo likiwa na wagombea wawili wenye alama ya jembe na nyumba, wapiga kura wa Rufiji walimwacha. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo. Alijiuzulu uongozi wake wa chama kuliko kuziachia. Wapo waliomwona msaliti wa ujamaa, na Azimio lilikuwa na haki yake. Lakini mwanamke asiye na elimu ya juu wala pensheni, aliyetumia ujana wake barabarani kwa ajili ya chama, nyumba zile zilikuwa ndiyo kinga yake ya uzeeni. Hayo yote mawili ni kweli, wala hatuoni haja ya kulificha moja ili jingine ling'are.

Oktoba 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 alifikishwa mahakamani kwa kosa la uhaini, yeye akiwa mwanamke pekee kati ya washtakiwa, pamoja na aliyekuwa waziri, Michael Kamaliza, na maofisa wa jeshi, huku Oscar Kambona akishtakiwa angali ng'ambo. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikana mashtaka hayo siku zote. Mwaka 1972 akaachiliwa kwa msamaha wa Rais, akarudi katika mji uliowahi kusimamisha shughuli zake ili kumsikia akiimba. Sasa watu wengi walimkwepa njiani. Jina lake likatoweka katika hotuba za sherehe, na watoto waliosoma shule katika miaka ile walijifunza habari za Uhuru bila kumsikia.

Alikaa hivyo karibu miaka 20. Ilipofika 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama likamtaja tena miongoni mwa mashujaa. Baadaye barabara kubwa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam ikapewa jina lake. Hakuna ushahidi kwamba aliuomba upendeleo huo, wala kwamba aliukataa.

Mwezi Oktoba 2000 alikuwa mgonjwa, amelazwa hospitali mjini Johannesburg, Afrika ya Kusini. Tarehe 29 ya mwezi huo Watanzania walipiga kura, na huku kwetu, kama kawaida, wanawake walikuwa wamekwisha pita nyumba kwa nyumba tangu wiki za nyuma, Mikindani, Msangamkuu, Msimbati na Kilambo. Bibi Titi alifariki siku saba baadaye, tarehe 5 Novemba, akiwa na umri wa miaka 74.