KANUMBA NA ILE FILAMU YA SHETANI: TULIOGOPA NINI HASA?

Wadau, leo namkumbuka marehemu Steven Kanumba, maana wadogo zetu wengi wanamjua kwa picha za ukutani saluni tu.

Jamaa alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Mwaka 2002 akaingia Kaole Sanaa Group, tukawa tunamuona kwenye michezo ya ITV. Baadaye akahamia kwenye filamu, akacheza na Wanigeria kuanzia Dar to Lagos. Mwaka 2011 ikatoka Devil Kingdom, akiwa na Ramsey Nouah. Humo ndani utajiri unatoka kwa shetani, kupitia chama cha siri.

Sasa hoja yangu iko hapo. Yale mazimwi ya Kizungu yanayonyonya damu tunayacheka, hakuna wa huku kwetu anayelala akiyaogopa. Lakini mtu wa Vwawa akiona utajiri wa kafara kwenye filamu, hacheki. Huku Mbozi na Tunduma, miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, watu waliuawa wakachunwa ngozi kwa imani za kishirikina. Kwa hiyo Kanumba hakuwa na kazi ya kutushawishi, alitukuta tumeshaamini nusu. Ndiyo maana ilinoga!

Ila utamu huo ulimgeukia mwenyewe. Alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Maelfu walimuaga Leaders Club, akazikwa Kinondoni. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha mtikisiko wa ubongo. Mtaani watu hawakutaka kusikia, eti Frimasoni wamemchukua kwa sababu ya ile filamu. Miaka kumi ya jasho, kila alichokipata kikaitwa cha shetani. Jamani!

Mimi nasema filamu ya kutisha iogope sana ukiwa umekaa unaitazama, hiyo ndiyo raha yake. Ikiisha, iache hapohapo. Ukitoka nayo mtaani, jirani akifungua duka la pili utaanza kuuliza kamtoa nani kafara. Na imani hiyohiyo, kwamba kiungo cha mtu kinaleta pesa, ndiyo iliyowapa soko wachuna ngozi.

Mnasemaje wadau? Kuna aliyeiangalia bila kuogopa? Tiririkeni hapo chini.