Philly Lutaaya, msanii aliyeupa UKIMWI sura

Aprili 1989, mmoja wa wanamuziki waliopendwa sana nchini Uganda alitangaza hadharani kwamba ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Wengi hawakumwamini. Alikuwa bado na mwili wake, na minong'ono ikaenea kwamba anatafuta soko la nyimbo.

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa Oktoba 19, 1951. Miaka ya 1970 alipiga muziki Kongo na Kenya, kisha akahamia Sweden, alikorekodi albamu ya Born in Africa.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Tangu mwaka 1982 ulikuwa ukiua watu Kasensero, kijiji cha wavuvi ambacho wakati huo kilikuwa wilayani Rakai, jirani na mpaka wa Tanzania. Waganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyokondesha. Upande wa pili, mkoani Kagera, uliitwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo. Wengi vijijini waliamini ni uchawi wa kudaiana.

Serikali ilianzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI mwaka 1986, na redio ikapiga ngoma ya hatari. Lakini kondomu zilipingwa makanisani, na mambo ya chumbani hayatajwi mbele ya wakwe wala watoto. Wahamasishaji wakaazima lugha ya wafugaji: ng'ombe alishiwe zizini, yaani mume asitafute malisho nje ya boma lake. Mkulima alielewa bila mtu kuaibika.

Hata hivyo, tangazo ni tangazo tu. Kilichokosekana ni mgonjwa mwenye jina, na hapo ndipo Lutaaya alipoingia. Alizunguka shuleni na makanisani akiimba na kusimulia yaliyomkuta. Nadhani milango ya makanisa ilimfungukia kwa sababu hakuja na somo la afya. Alikuja kama mwana wa nyumbani anayekiri. Kadiri miezi ilivyopita alikonda mbele ya macho ya watu, na waliomwita mwongo wakanyamaza.

Alirudi Sweden, hali ikawa mbaya, akaomba kufia nyumbani. Alifariki Desemba 15, 1989 katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, akiwa na miaka 38.

Baada yake ulianzishwa mpango uliobeba jina lake, ambapo watu wanaoishi na virusi walikwenda shuleni na vijijini kusimulia maisha yao. Wengi wao hawakuwa na gitaa wala umaarufu, na kesho yake walirudi kuishi na majirani walewale waliowasikia.