Daktari wa Jicho Moja na Uvimbe wa Taya

Mtaani kwetu West Indies, hapa Eldoret, shavu la mtoto likivimba kila jirani anageuka daktari wa meno. Huyu anakwambia asukutue kwa maji ya chumvi, yule anasema jino ling'olewe tu, na wiki inakatika hivyo. Ndiyo maana leo nakupa stori ya Denis Burkitt.

Alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho la kulia likaenda. Babake alikuwa mhandisi, na muda wa ziada alichora ramani za ndege wadogo, kila mmoja na eneo lake. Kumbuka hizo ramani, tutazirudia. Denis mwenyewe alianza na uhandisi, akahamia udaktari, akaomba kazi Afrika. Wakoloni wakamkataa: daktari wa upasuaji mwenye jicho moja? Vita vya pili vilipochacha, jeshi halikuchagua sana, likamleta mpaka Kenya. Mwaka 1946 akaanza kazi Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago kule Kampala.

Sasa sikiza. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jino bovu haliwezi kufanya hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine na uso ule ule. Alipompima, kumbe hata tumboni kuna uvimbe. Hapo akashtuka: haya si magonjwa tofauti, ni saratani moja.

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wiki kumi, kama kilomita 16,000, wakiuliza kila hospitali kama imeona uvimbe huo. Ramani ikajichora. Penye joto na mvua ya kutosha, upo. Milimani kwenye baridi, haupo. Yaani unatembea na malaria. Sisi wa Eldoret tuko kama mita 2,100 juu ya bahari, kwa hivyo tuko nje ya ramani, lakini ukiteremka upande wa Busia na ziwa umeshaingia. Watoto wa huko ndio wanaoletwa hapa kwetu, hospitali ya rufaa ya Moi.

Vipande vya uvimbe alivyotuma London vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua kirusi mwaka 1964. Usiogope bure, karibu sote tunakibeba. Shida huja pale malaria inapochokoza seli za kinga tena na tena zigawanyike. Katika haraka hiyo jeni moja la ukuaji hukatika na kubandikwa mahali pabaya, ambapo swichi yake haizimiki. Seli zinaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa saratani, hiyo ni mbio za ajabu. Kirusi hicho hicho kinahusishwa pia na saratani ya nyuma ya pua, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mbio hizo ndizo udhaifu wake. Kisu hakikumsaidia Burkitt, maana uvimbe uko sehemu nyingi, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa zinazoua seli zinazogawanyika. Watoto wengine walipewa dozi moja au mbili tu, na taya likarudi chini ndani ya siku chache. Wengine walipona kabisa. Mpasuaji mwenyewe akaweka kisu chini, na kwangu hapo ndipo alionyesha ukubwa wake.

Basi ukiona mtoto ana uvimbe wa taya unaokua kila siku na meno yanalegea, usingoje mwisho wa wiki. Mpeleke hospitali.

Burkitt alifariki 1993. Huko Ulaya wengi humkumbuka kwa kuwahimiza wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Siklofosfamidi, mojawapo ya dawa alizotumia Mulago, bado inaingia kwenye dripu za watoto hawa.