Joe Strummer na kanda za wizi

John Graham Mellor, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joe Strummer, alizaliwa Ankara, mji mkuu wa Uturuki, tarehe 21 Agosti 1952. Baba yake, mzaliwa wa Lucknow kule India, alikuwa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Mama yake alikuwa muuguzi kutoka nyanda za juu za Uskoti. Kazi ya baba iliihamisha jamaa nzima: Cairo, Mexico, Bonn. Alipofika umri wa miaka 9, yeye na kaka yake David walitiwa katika shule ya bweni karibu na London, wazazi wakabaki ng'ambo. Tangu hapo aliwaona kwa nadra.

Hayo yasemwe mapema, maana adui zake waliyatumia dhidi yake maisha yake yote. Mtu aliyekuja kuimba juu ya barabara, polisi, ukosefu wa kazi na vyumba vya ghorofani visivyo na lifti inayofanya kazi, alikuwa mtoto wa mwanadiplomasia. Matamshi yake yale ya kumung'unya, kama mtu anayetafuna maneno kabla ya kuyatoa, aliyavaa akiwa mtu mzima. Kwetu sisi tunaosoma lugha jambo hilo si la kushangaza: kila siku tunaona mtu akibadili sauti yake anapovuka kutoka nyumbani kwenda kwenye ukumbi wa mihadhara. Tofauti ni kwamba Strummer alibadili upande ambao wengi hawaendi, kutoka juu kwenda chini, na hakurudi tena.

Mwaka 1970 kaka yake David alijiua. Alikuwa amejiunga na chama cha wazungu wabaguzi, na John, mwenye umri wa miaka 17, ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Hakupenda kulizungumzia. Lakini msikilizaji anayejua habari hiyo husikia kwa namna nyingine bidii aliyokuwa nayo baadaye ya kupinga ubaguzi jukwaani.

Alijaribu shule ya sanaa London, akaiacha. Akahamia Newport, Wales, akachimba makaburi ili apate fedha ya kula, akapiga gitaa na vijana wa huko. Mwaka 1974 alirudi London akaishi katika nyumba tupu iliyovamiwa na vijana, namba 101 katika Walterton Road, na orkesta waliyoiunda humo wakaiita kwa namba hiyo: the 101ers. Gitaa lake la Fender Telecaster, lile lililopakwa rangi nyeusi ambalo picha zote zinaonyesha, lina hadithi yake: alikubali kufunga ndoa ya karatasi na mwanamke wa Afrika Kusini aliyetaka kubaki Uingereza, akalipwa fedha, na hizo zikasaidia kulinunua. Jina Strummer lenyewe ni utani juu ya udhaifu wake. Maana yake ni mtu anayekwangua nyuzi zote sita kwa pamoja, kwa kuwa hawezi kuchagua mmojammoja.

Aprili 1976 the 101ers walitanguliwa jukwaani na kikundi kisichojulikana sana bado, Sex Pistols. Strummer aliwatazama akaona kwamba muziki wake mwenyewe umekwisha jana. Miezi michache baadaye alikuwa amejiunga na Mick Jones na Paul Simonon, chini ya meneja Bernard Rhodes, na tarehe 4 Julai 1976 orkesta mpya, The Clash, ilipiga kwa mara ya kwanza mjini Sheffield.

Hapa ndipo kaseti zinapoingia katika maisha yake.

Wakati huo kinasa sauti kidogo cha kaseti kilikuwa kimeanza kupatikana kwa bei ya kijana wa kawaida. Mtu alikificha ndani ya koti, akasimama mbali kidogo na spika, akabonyeza kitufe. Sauti ya besi ilikuja kama mtu anayegonga ukuta. Mbele yake kulisikika mlevi akiita rafiki yake, chupa ikivunjika, msichana akicheka. Kesho yake kaseti ilirudufiwa kwa rafiki, naye akairudufu kwa mwingine, na kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa iliyotangulia. Nyingine ziliangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliozigeuza kuwa diski za santuri zenye jalada jeupe lisilo na jina la kampuni. Kwa Kiingereza diski hizo zina jina linalotokana na buti, kwa sababu wachuuzi wa pombe ya magendo walikuwa wakificha chupa ndani ya shingo ya buti.

Kwa nini mtu atafute sauti mbaya namna hiyo, hali diski safi iko dukani? Kwa habari ya The Clash, jibu la kwanza ni la kiufundi kabisa. Albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1977, na mpiga ngoma aliyesikika humo alikuwa Terry Chimes, ambaye alikuwa tayari anaaga. Mara tu baada ya hapo alikuja Topper Headon, mpiga ngoma hodari kuliko wote waliopita katika orkesta hiyo. Yeye ndiye aliyewawezesha kupiga reggae, funk na jazz bila aibu. Kwa hiyo anayetaka kusikia nyimbo nyingi za albamu ya kwanza zikisukumwa na Topper hazipati katika diski ile. Ilimbidi atafute kanda za matamasha. Anayezisikia mara moja huona diski ya dukani imekuwa nyembamba kama chai iliyochujwa mara mbili.

Jibu la pili ni kwamba kwa miaka yote waliyokuwa pamoja hawakutoa albamu yoyote nzima ya jukwaani. Filamu ya Rude Boy ya mwaka 1980 iliwaonyesha jukwaani, pamoja na ile siku ya Aprili 1978 walipopiga Victoria Park mbele ya umati mkubwa uliokusanyika dhidi ya ubaguzi. Lakini sehemu kubwa ya sauti ya filamu hiyo ilirekebishwa studioni. Kumbe picha halali imepakwa poda, na kaseti ya mwizi haijui kusema uongo. Nasema hivyo nikijua kwamba kaseti nayo ina uongo wake: humfanya mtu aliyesimama kando ya mwenye kinasa aonekane mkubwa kuliko mpiga gitaa.

Jibu la tatu, ambalo kwangu ndilo zito, linamhusu Strummer mwenyewe na maneno yake. Hakuimba wimbo mara mbili kwa namna moja. Jukwaani, hasa katika nyimbo za reggae walizoazima Jamaika, Police and Thieves wa Junior Murvin na Armagideon Time wa Willi Williams, aliacha maneno yaliyoandikwa akaanza kusema ya usiku ule: habari za gazeti la asubuhi, mabaunsa wanaopiga watoto mbele ya jukwaa, mji waliomo, ajali aliyoiona njiani. Sisi tuliokulia penye muziki wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua kwamba sebene ya kwenye diski ni kipimo tu, na ile ya jukwaani hurefuka kadiri watu wanavyocheza. Tunajua kazi ya atalaku, anayetupa majina na vituko vya siku hiyo juu ya magitaa. Strummer alikuwa mwimbaji na atalaku katika mwili mmoja, ila hakulipwa na mtu ili ataje jina lake. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba utendaji ndio matini, na kwamba nakala iliyochapwa ni mojawapo tu kati ya nyingi. Wale vijana wenye makoti mazito walilijua somo hilo bila kuingia darasani.

Kanda ya mapema iliyo mashuhuri ni ya Roundhouse, London, ya tarehe 5 Septemba 1976. Orkesta bado ina wapiga gitaa watatu. Keith Levene, wa tatu, aliondoka baada ya usiku huo. Nyimbo zinakatika, mtu anatengeneza gitaa, na Strummer anajaza ukimya kwa kuwagombeza watazamaji juu ya televisheni. Ndani yake mna nyimbo ambazo hazikuingia albamu yoyote. Pasipo mwizi yule zingekufa siku ileile.

Je, ulikuwa wizi kweli? Swali hili si jepesi, kwa sababu The Clash walijali bei. London Calling ya Desemba 1979 ilikuwa diski mbili kwa bei ya moja. Sandinista! ya 1980 ilikuwa diski tatu, na ili iuzwe kwa bei ya chini walikubali kupoteza malipo yao ya nakala 200,000 za kwanza katika Uingereza, wakati wenyewe walikuwa na deni kubwa kwa kampuni ya CBS. Mfanyabiashara wa jalada jeupe alichukua usiku ambao hakuutolea jasho, akauuza kwa bei ya juu kwa kijana yuleyule ambaye Strummer alitaka asinyonywe. Huyo simtetei. Aliyenakili kaseti na kumpa mwenzake bure ni mtu mwingine, na ni kosa kuwatia wote katika gunia moja.

Mwaka 1981 kaseti ziliongezeka kuliko wakati wowote. Walikuwa wamepanga matamasha 8 katika ukumbi wa Bond's, Times Square, New York. Tiketi ziliuzwa nyingi mno, idara ya zimamoto ikaingilia, na badala ya kuwafukuza wenye tiketi orkesta ilipiga mara 17. Usiku mmojawapo ulirushwa na redio ya mjini, na kila aliyekuwa na kinasa nyumbani akageuka mwizi wa halali. Waliwaalika Grandmaster Flash na wenzake wafungue jukwaa; watazamaji, wengi wao wazungu, wakawazomea na kuwatupia vikombe, jambo lililowaudhi sana wenyeji wao.

Kisha mambo yalianza kuvunjika. Topper alizama katika heroini, akafukuzwa mwaka 1982, wakati uleule wimbo alioutunga mwenyewe, Rock the Casbah, ulikuwa unawafungulia Marekani. Oktoba mwaka huo walipiga Shea Stadium wakiwatangulia The Who. Septemba 1983 Strummer na Simonon walimfukuza Mick Jones, na hapa hatuna namna ya kumsitiri: Strummer alisikiliza sauti ya meneja kuliko sikio lake mwenyewe. Waliajiri vijana wengine wakaendelea. Albamu waliyoitoa mwaka 1985, Cut the Crap, inajaa mashine za ngoma, na Strummer mwenyewe hakuipenda.

Lakini Mei mwaka huohuo walifanya jambo moja ambalo wakusanyaji wa kaseti hulitunza kama lulu. Waliacha fedha nyumbani, wakachukua magitaa ya mbao, wakaenda miji ya kaskazini ya Uingereza kwa kuomba lifti, wakaimba mitaani, chini ya madaraja na mlangoni mwa baa kwa sarafu za wapita njia. Kampuni haikutuma mtu wa kurekodi. Kilichobaki ni kanda za waliobahatika kuwa na kinasa: magari yanapita, watu wanaimba kiitikio kwa nguvu kuliko waimbaji, na Strummer, labda kwa mara ya mwisho katika orkesta ile, anasikika mwenye furaha.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga: filamu, muziki wa filamu, muda kidogo na The Pogues, ukimya mrefu. Mwaka 1999 alirudi na orkesta mpya, the Mescaleros. Mwaka huohuo The Clash wakatoa hatimaye albamu rasmi ya jukwaani, miaka 13 baada ya kufa kwa orkesta. Ile ya Shea Stadium ilitoka 2008 tu, kutokana na kanda ambayo Strummer mwenyewe aliikuta akifungasha vitu vya kuhama nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliendesha pia kipindi cha muziki katika BBC World Service, shirika lilelile ambalo wazee wetu walitegea Idhaa yake ya Kiswahili usiku. Alikiita London Calling, mwito wa zamani wa redio hiyo ambao alikuwa ameshauazima kwa albamu yake.

Tarehe 15 Novemba 2002 alipiga katika ukumbi wa Acton, London, kuwachangia wazimamoto waliokuwa katika mgomo. Mick Jones alikuwa miongoni mwa watazamaji. Ulipoanza wimbo Bankrobber alipanda jukwaani bila kuitwa, akachukua gitaa, akabaki. Tangu Mei 1983 hawakuwa wamesimama pamoja hivyo. Walipiga hata White Riot, wimbo ambao Jones alikuwa ameukataa miaka mingi, na ambao mwaka 1980 uliwafanya wapigane ngumi nyuma ya jukwaa.

Tarehe 22 Desemba 2002 Strummer alifariki nyumbani kwake Somerset kwa kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo bila kujua. Alikuwa na umri wa miaka 50. Sauti ya usiku ule wa Acton ilitolewa kama diski rasmi mwaka 2012.