Charles Darwin na Barua za Waliompinga



Wengi wetu jina la Charles Darwin tulikutana nalo mara ya kwanza katika kitabu cha baiolojia cha sekondari, na mara ya pili katika mabishano ya bwenini baada ya swala ya Isha. Mmoja humtaja kama adui wa dini, mwingine humtaja kama mtu asiyekosea. Mara nyingi wote wawili hawajasoma hata ukurasa mmoja wa alichoandika. Makala haya hayaji kutoa fatwa juu ya nadharia yake. Jambo hilo lina wenyewe na lina nafasi yake. Yanakuja kumtazama mtu mwenyewe kupitia barua zake. Zinajulikana barua zipatazo 15,000 alizoandika au kuandikiwa, na watu aliowasiliana nao ni kama 2,000. Humo ndimo tunapoona alivyoishi na watu waliomwambia kwamba amekosea.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari, akampeleka Edinburgh asomee udaktari. Kijana hakustahimili kuona upasuaji, uliokuwa ukifanywa siku hizo bila dawa ya usingizi, akaacha. Akahamishiwa Cambridge ili aandaliwe kuwa kasisi. Huko akaandamana na walimu wawili waliokuwa makasisi na wanasayansi kwa wakati mmoja: John Henslow wa botania na Adam Sedgwick wa jiolojia. Tulikumbuke jina la Sedgwick, maana tutarudi kwake.

Mwezi Agosti 1831 ilifika barua ya Henslow. Meli ya Beagle ilikuwa inakwenda kupima pwani za Amerika ya Kusini, na nahodha Robert FitzRoy alitaka mwenzi msomi wa safari. Baba akakataa. Darwin hakugomba wala hakutoroka. Aliandika pingamizi za baba yake moja baada ya nyingine, akampelekea mjomba wake, Josiah Wedgwood, naye akazijibu kwa maandishi, kila moja kwa jibu lake. Baba aliposoma, akaridhia. Ndivyo safari iliyobadilisha sayansi ilivyopata ruhusa: kwa orodha ya pingamizi iliyojibiwa kwa adabu.

Meli iliondoka tarehe 27 Desemba 1831 na kurudi Oktoba 1836. Kwa karibu miaka mitano Darwin alikusanya mawe, mifupa ya wanyama waliotoweka, ndege na mimea, akampelekea Henslow pamoja na barua za maelezo. Aliporudi alikuwa na swali lisilomwacha usingizini: kwa nini viumbe wa kisiwa kimoja wanafanana na wa kisiwa jirani, lakini si wale wale? Kufikia mwaka 1838 alikuwa ameanza kupata jibu. Viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kilichopo. Huzaliwa wakiwa na tofauti ndogo ndogo. Mwenye tofauti inayomfaa huishi na kuirithisha. Kwa muda mrefu sana, alifikiri, spishi moja inaweza kubadilika ikawa nyingine. Njia hiyo akaiita uteuzi wa asili.

Januari 1839 alimwoa Emma, binti wa yule mjomba wake. Emma alikuwa mcha Mungu. Mapema katika ndoa yao alimwandikia mumewe barua, ingawa waliishi nyumba moja, kumweleza hofu yake: kwamba tabia ya kutokubali kitu mpaka kithibitishwe isije ikamfunga asione mambo ambayo hayathibitishwi kwa njia hiyo. Darwin hakubadilika kama Emma alivyotamani, lakini barua ile aliitunza maisha yake yote, na juu yake aliandika kwamba mara nyingi ameibusu na kuilia. Msomaji atambue kwamba mpinzani wa kwanza wa fikra zake alikuwa mtu aliyempenda kuliko wote.

Mwaka 1842 familia ilihamia kijiji cha Down, kusini mwa London. Darwin alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, hakupenda mikutano, basi posta ikawa ndiyo chuo chake. Aliwaandikia wafugaji wa njiwa, watunza bustani, mabalozi na mabaharia. Aliuliza maswali madogo sana: mbegu huishi siku ngapi katika maji ya chumvi? Njiwa wa rangi hii akipandishwa na wa rangi ile huzaa nini? Mwanawe Francis ameeleza kwamba baba yake alijitahidi kujibu kila barua, hata za wapumbavu, na asipojibu moyo ulimsuta.

Jibu lake kubwa, hata hivyo, alilificha. Januari 1844 alimfungulia moyo rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, kwamba sasa anaamini spishi hubadilika, akasema kulitamka hilo ni kama mtu kukiri kuwa ameua. Hooker hakumkubalia papo hapo. Alimbana kwa maswali miaka mingi, na Darwin alimpenda kwa hilo. Mwaka huo huo aliandika rasimu ndefu, akamwachia Emma maelekezo kwamba akifa, itengwe pauni 400 ili ichapishwe. Kisha akatumia miaka minane akichunguza viumbe wadogo wa baharini wanaoganda kwenye miamba na matumbo ya meli, ili asije akaambiwa anazungumzia spishi bila kuzijua.

Mtihani ulikuja Juni 1858. Ilifika barua kutoka Ternate, kisiwa cha usultani wa Kiislamu katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Aliyeituma ni Alfred Russel Wallace, Mwingereza aliyeishi kwa kukusanya ndege na wadudu, akisaidiwa na kijana wa Kimalay aitwaye Ali. Ndani mlikuwa na makala fupi yenye fikra ile ile ambayo Darwin ameikalia miaka 20. Hakuna aliyekuwa na habari nayo pale Down isipokuwa Darwin mwenyewe. Angeweza kuichelewesha. Wallace alikuwa mbali, hana mali wala jina.

Darwin aliipeleka makala kwa Charles Lyell, mwanajiolojia mkubwa, kama Wallace alivyoomba. Wakati huo huo homa nyekundu iliingia nyumbani, na mtoto wake mdogo, Charles Waring, akafariki tarehe 28 Juni. Lyell na Hooker wakaamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Jumuiya ya Linnaeus ya London tarehe 1 Julai. Darwin hakuhudhuria, alikuwa katika msiba. Tuseme kweli: Wallace hakuulizwa kabla. Lakini alipopata habari aliridhika, na urafiki wao ulidumu mpaka kifo.

Kitabu chake juu ya asili ya spishi kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250. Siku hiyo hiyo Sedgwick, mwalimu wake wa zamani, aliketi kumwandikia. Alimweleza kwamba kitabu kimemtia uchungu kuliko furaha, kwamba ameiacha njia ya kweli ya sayansi, na kwamba anamkata mwanadamu na upande wake wa maadili. Ilikuwa barua nzito, lakini ilikuwa ya mtu anayempenda mwanafunzi wake. Darwin akaijibu kwa heshima bila kuacha msimamo. Sedgwick hakubadili rai yake, hata hivyo mwaka 1870 Darwin alipofika Cambridge alikwenda kumtembelea mzee huyo.

Kwa upande mwingine kulikuwa na Asa Gray, mwanabotania wa Chuo Kikuu cha Harvard, Mkristo mwenye msimamo. Yeye aliona kwamba uteuzi wa asili haumtoi Mungu katika uumbaji. Darwin alimwandikia kwa unyoofu kwamba yeye anashindwa kuona mpango wa wema katika kila kitu, akatoa mfano wa nyigu ambao watoto wao hula viwavi wangali hai. Lakini pia alisema hawezi kuuona ulimwengu huu wote kuwa ni kazi ya bahati tu. Hawakukubaliana. Pamoja na hayo, Darwin alichangia gharama za kuchapa makala za Gray kama kijitabu akakisambaza Uingereza. Miaka mitatu kabla ya kufa alimweleza mtu aliyemuuliza kwamba hajawahi kuwa mkanaji wa kuwepo kwa Mungu, na kwamba kusema hajui kunamfaa zaidi. Sisi tunaosema tunajua tuna la kujibu hapo. Lakini anayemsingizia asilolisema hajamjibu.

Pingamizi iliyomtikisa kwelikweli haikutoka kanisani. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin aliandika hoja ya hesabu. Ikiwa sifa za wazazi huchanganyika katika mtoto kama maziwa katika chai, basi sifa mpya iliyotokea kwa kiumbe mmoja itapungua nusu kwa nusu kila kizazi mpaka ipotee. Uteuzi utachagua nini? Darwin alikiri kwa marafiki zake kwamba hoja hiyo ina uzito, akarekebisha kitabu. Nadharia ya urithi aliyoitoa mwaka 1868 ilikuwa na makosa. Jibu sahihi lilikwisha chapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere, lakini Darwin hakulijua. Akafa bila jibu la swali hilo.

Tusimfanye malaika. Alimchukia Richard Owen kwa uhakiki wake wenye kejeli, na barua zake kwa marafiki zinaonyesha hivyo. St. George Mivart alipotoa kitabu cha kumpinga mwaka 1871, Darwin alimjibu kwa sura nzima katika toleo la sita. Lakini Mivart alipomshambulia mwanawe George bila kutaja jina lake mwandishi, Darwin alikata mawasiliano naye kabisa.

Kwa Wallace ilikuwa kinyume. Kuanzia mwaka 1869 Wallace alisema kwamba akili ya mwanadamu haiwezi kuelezwa kwa uteuzi wa asili peke yake. Darwin alisikitika sana. Lakini Wallace alipokuwa na dhiki ya fedha, ni Darwin aliyekusanya saini za wanasayansi na kumwandikia Waziri Mkuu Gladstone, mpaka mwaka 1881 Wallace akapata pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey. Wallace alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Darwin alieleza katika kumbukumbu zake kwamba kila alipokutana na jambo linalopinga rai yake aliliandika papo hapo, kwa sababu aligundua mambo ya namna hiyo hutoroka akilini upesi kuliko yale yanayotupendeza. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Imam Ghazali aliandika kitabu kizima kueleza mafundisho ya wanafalsafa, mbali na kile alichoandika kuwapinga.

Basi ndugu mwanachuo, kabla hujasimama kwenye mdahalo ujao, iwe juu ya Darwin au juu ya jambo lingine, jipime kwa kipimo hiki: je, unaweza kuieleza hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe akasema, naam, hivyo ndivyo ninavyosema? Kama huwezi, bado hujaanza kumjibu.

Wallahu a'lam.