Sauti Tatu za Mwenda wa Bayeke

Nyumbani kwetu Lubumbashi kuna ubishi mmoja usiokwisha. Nkambo wangu anasema Mwenda Jean Bosco wa kweli ni yule wa mwaka 1952. Mimi nasema ni yule wa 1982. Nilipoanza kuandika juu ya maisha yake, niliona ubishi huo ndio njia nzuri ya kumfuata tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke, ambako zamani alitawala Msiri. Kama vijana wengi wa wakati ule, alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mji wa migodi na reli, mahali ambapo watu wa makabila mengi walikutana na kulazimika kusikilizana kwa lugha moja. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili chetu cha Katanga. Huko ndiko Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine zake akikusanya muziki wa Afrika, alipomkuta akipiga gitaa barabarani mwaka 1952. Mwenda alikuwa na umri wa miaka 22.

Nyimbo alizorekodi mwaka ule, ukiwemo Masanga, zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu tu hivi, na unasikia jinsi kijana yule alivyozitumia bila kupoteza hata moja. Alipiga kwa vidole viwili, dole gumba na kidole cha shahada, lakini anayesikia kwa mara ya kwanza hudhani wapigaji ni wawili. Nkambo alikuwa mtoto Likasi wakati huo. Akisikia rekodi hiyo, hasikii gitaa peke yake. Anasikia barabara ya utoto wake. Kwa hiyo simlaumu.

Baada ya hapo jina lilisafiri kuliko mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, ambako yeye na ndugu yake Edouard Masengo waliwaathiri sana wapiga gitaa wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaalamu David Rycroft aliandika upigaji wake kwa nota na kuuchambua katika jarida la kitaaluma. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake aliishi papa hapa Lubumbashi, akifanya kazi na kuendesha mambo yake kama baba yeyote wa mji.

Rekodi ninayoipenda mimi ni ya Berlin, mwaka 1982, alipopiga mbele ya watu katika safari yake ya Ulaya. Hapa hakuna santuri ya kumhimiza amalize. Ana miaka 52. Hana tena haraka ya kijana, na anaupa wimbo nafasi ya kupumua. Ya tatu ni ya studio, Cape Town, mwaka 1988. Hiyo ni safi kuliko zote, lakini mimi naikosa pumzi ya wasikilizaji. Miaka miwili baadaye, Septemba 1990, Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia.

Kwa nini jambo hili linanigusa? Nilipoanza masomo, mtu mmoja aliniambia kwamba Kiswahili cha nyumbani kwetu si lugha, ni makosa tu. Tunasema batoto, si watoto. Tunasema mu, si katika. Kwa muda mrefu niliona haya. Niliacha kusema hivyo hata na nkambo, naye akadhani ninamdharau.

Halafu nikasikiliza rekodi zile tatu mfululizo, usiku mmoja, nikitafuta mahali ambapo Mwenda alibadilisha lugha yake ili awapendeze wenye mashine. Miaka 36 iko kati ya ya kwanza na ya mwisho. Sauti ilizeeka, vidole vilitulia, mashine zikawa bora. Kiswahili kilibaki cha Katanga. Alikibeba hadi Nairobi, hadi Berlin, hadi Cape Town, wala hakukiombea radhi.

Asubuhi nilimsalimu nkambo kwa Kiswahili chetu. Aliniangalia kidogo, kisha akaniambia niweke ile ya 1952. Niliiweka. Ilipokwisha, niliweka ya Berlin, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kubisha. Bado anasema nimekosea. Lakini sasa tunabishana kwa lugha moja.