Abu Rayhan al-Biruni na Mizani ya Maji

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria, nao ni mwaka 973 Miladia, kando ya mji wa Kath, katika nchi ya Khwarazm. Alisoma hesabu na elimu ya nyota kwa Abu Nasr Mansur, akawa hodari tangu ujanani. Mwaka 408 (1017) Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi yao, akamchukua Abu Rayhan mpaka Ghazna.

Katika kazi zake kubwa ni kupima madini na vito. Kila mtu alijua kuwa dhahabu ni nzito kuliko fedha. Lakini pande kubwa la fedha huishinda pete ya dhahabu katika mizani. Basi hapana budi vilinganishwe vitu vya ukubwa mmoja, na vito na mapambo havina umbo moja. Al-Biruni akatengeneza chombo chenye shingo nyembamba na mrija uliopinda chini, akakijaza maji mpaka usawa wa mrija. Akitia kitu ndani, maji yaliyosukumwa hutoka mrijani yakaingia katika bakuli, naye akayapima. Maji hayo ndiyo ukubwa wa kitu kile, hayazidi wala hayapungui. Kisha akalinganisha uzito wa kitu na uzito wa maji yake. Dhahabu safi hupata zaidi ya mara 19, risasi zaidi ya mara 11, fedha kiasi cha mara 10 na nusu. Mwenye kuchanganya dhahabu na fedha huweza kulidanganya jicho, maji hayadanganyiki.

Alifariki Ghazna mwaka 440 (1048). Husimuliwa kuwa mwanachuoni mmoja wa fiqhi alikwenda kumzuru, naye yu katika kukata roho. Al-Biruni akamuuliza mas-ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama, waliyopata kuyazungumza zamani. Yule mgeni akamwonea huruma, akastaajabu kuulizwa katika hali ile. Mgonjwa akamjulisha kuwa kuiaga dunia hali akiyajua mas-ala hayo ni bora kuliko kuiaga hali hayajui. Akaelezwa, akayakariri mpaka akayahifadhi. Mgeni akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio nyumbani.

Aliyeuliza haki ya dhahabu ndani ya maji ndiye aliyeuliza haki ya bibi katika mirathi. Mwenyezi Mungu amrehemu.